Maji ya Paa Yanakwenda Wapi?

Mvua ilitukuta Burien, kusini mwa Seattle, kabla hatujateremsha ngazi. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba. Mimi na binamu yangu, wasafisha mapaa, tukabaki ndani ya gari tukisubiri ikatike, yeye akifungua mfuko wa sambusa, mimi nikitazama nyumba ya ng'ambo ya barabara.

Mwenye nyumba ile alikuwa amejifanyia kazi mwenyewe. Alipanda juu akamwaga poda ya zinki, dawa ya kuua ukoga, kwenye kofia ya paa, mstari mweupe mnene kutoka pembe hadi pembe, akashuka na kuondoa ngazi yake. Poda hiyo inauzwa dukani karibu na mbolea za bustani, mtu yeyote ananunua. Matone ya kwanza yalipoigonga ikaanza kulainika. Ikateremka juu ya vigae kama maziwa, ikaingia kwenye gata, ikashuka na bomba la pembeni, ikatokeza kwenye njia ya gari na kufuata ukingo wa barabara hadi kwenye tundu la mfereji.

Kando ya tundu hilo kuna kibati cha duara kimebandikwa kwenye saruji. Kina picha ya samaki.

Vibati vya namna hiyo viko kila mtaa. Nimeegesha gari kando yake, nimeburuta hosi juu yake. Tangu siku ile nikifumba macho naona kimoja tu, kile cha Burien, na maji meupe yakipita juu yake.

## Kwa nini huku na si Bukoba

Wengi mnaoniandikia huuliza jambo moja: kazi ya kusafisha mapaa inalipa? Inalipa. Magharibi mwa jimbo la Washington, kuanzia Olympia hadi Bellingham, nyumba isiyo na ukoga juu ya paa ama ni mpya ama inapigwa na jua kutwa. Wateja hawakosekani. Mtaji ni ngazi, mkanda wa usalama na kamba zake, brashi, mashine ya kupuliza majani, bima na leseni.

Watu wa nyumbani hudhani sababu ni wingi wa mvua. Sivyo. Seattle hupata kama milimita 950 kwa mwaka. Bukoba, nilikozaliwa, hupata karibu milimita 2,000, na mabati yetu hayaoti kitu. Tofauti kubwa ni namna mvua inavyokuja. Bukoba mvua hupiga, ikamaliza, jua likatoka na bati likawaka. Seattle inanyunyiza tu, kuanzia Oktoba mpaka machipuko, na kati ya manyunyu jua halina nguvu ya kukausha kitu. Upande wa paa unaotazama kaskazini, chini ya mierezi na misonobari mikubwa, unaweza kukaa na unyevu msimu mzima.

Ukoga mnene wa kijani unaoota hapo hauna mizizi. Unajishika kwa nyuzi ndogo kwenye chembe za mawe zilizofunika kigae cha lami, kisha unakunywa mvua na umande na kuvishikilia. Ukinenepa unainua midomo ya vigae, maji yanapenya chini, na barafu ya Januari inamalizia. Michirizi myeusi ni kitu kingine. Hiyo ni bakteria, jina lake la kisayansi *Gloeocapsa magma*, anayejilisha kwa unga wa chokaa uliochanganywa ndani ya kigae. Haiinui kigae, inaudhi macho tu, lakini kuna wateja inawanyima usingizi kuliko ukoga wenyewe.

Na mteja anataka paa libadilike kabla ya jua kuzama.

Hapo ndipo mafundi tunapogawanyika. Mashine ya maji yenye shinikizo kubwa hulifanya paa lipendeze jioni hiyohiyo, na inang'oa zile chembe za mawe ambazo ndizo zinazoikinga lami dhidi ya jua. Ukikuta mchanga mwingi kwenye gata baada ya kazi kama hiyo, jua kuwa umeuona umri wa paa umelala pale. ARMA, chama cha watengenezaji wa vigae vya lami Marekani, kinashauri watu wasiitumie. Kwa michirizi myeusi chenyewe kinapendekeza klorini ya kufulia, ile tunayoiita jiki, ichanganywe nusu kwa nusu na maji, iachwe dakika 15 hadi 20, kisha isuuzwe kwa maji yasiyo na nguvu.

Huo ndio upande niliosimama siku zote, upande wa kulilinda paa. Mabishano yote ya kazi yetu yanahusu paa. Sijawahi kusikia mafundi wawili wakibishania maji.

## "Hayana mwenyewe?"

Jumapili iliyofuata nilimpigia simu mama mdogo, Bukoba. Yeye ndiye aliyebaki na nyumba ya babu na tanki lake.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje huko? Bado mnapanda mapaa ya watu?"

Nikamweleza habari ya poda. Nilikuwa nikimsimulia tu kama kitu cha ajabu cha Ulaya, maana kwake huku kote ni Ulaya. Akaniuliza: "Mkishamwaga hiyo dawa, maji mnakinga wapi?"

Nikamwambia hatukingi. Maji ya kunywa ya Seattle hutoka milimani, kwenye mabonde ya mito Cedar na Tolt, yanaletwa na bomba hadi ndani.

"Kwa hiyo hayo ya paa hayana mwenyewe?"

Nilitaka kumjibu haraka, nikakosa la kusema. Tukahamia kwenye habari za ndizi na za wagonjwa.

Mliolelewa kwenye nyumba yenye simtanki mnajua paa lilivyokuwa linatendewa. Linafagiliwa kabla ya mvua. Mti unaoangusha majani juu yake unakatwa matawi. Hakuna aliyepanda kupaka rangi bila kuulizwa ni rangi gani, na tanki litafungwa kwa muda gani. Na baada ya kiangazi cha Juni hadi Agosti, mvua ya kwanza haiingii tankini. Mtu mzima anatoka hata kama ni usiku, anageuza bomba, maji yale yenye vumbi na mavi ya ndege yanamwagika chini, migombani. Ndipo bomba linarudishwa.

Nimelijua jambo hilo tangu utotoni. Sikujua kuwa nilikuwa nimeliacha uwanja wa ndege.

## Mvua ya kwanza

Seattle nayo ina kiangazi, watu wengi hawaamini. Julai na Agosti mvua karibu inakatika kabisa. Miezi hiyo vumbi, moshi wa magari na kila kilichodondoka kutoka kwenye magurudumu na mapaa hukaa pale kilipo. Mvua za kwanza za vuli ndizo zinazokizoa. Wanaopima maji ya mifereji wanalijua hilo kwa vipimo vyao, mama mdogo analijua kwa tanki lake.

Mvua hizohizo ndizo zinazoamsha ukoga. Kiangazi kizima ulikuwa umesinyaa na kuwa kahawia, ungeweza kudhani umekufa. Ukinyeshewa mara mbili tatu unarudi kijani kibichi, mwenye nyumba anainua macho, anashtuka, anakwenda dukani kununua poda au ananipigia mimi.

Na mvua hizohizo ndizo wanazozisubiri samaki.

Samoni aina ya coho huzaliwa kwenye vijito vya maji baridi, hushuka baharini, hukulia huko, kisha hurudi kutaga kijito alikotoka. Anaporudi vuli hukaa mdomoni mwa mto mpaka mvua ijaze kijito kiasi cha kumwezesha kupanda. Sehemu kubwa ya mifereji ya barabarani katika miji ya hapa haipiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha maji. Inamwaga moja kwa moja kwenye kijito kilicho karibu, ndiyo maana kile kibati kina picha ya samaki. Burien wana vijito vya Miller na Walker, vinavyoingia kwenye ghuba ya Puget Sound, na coho hupanda humo.

Basi mvua moja inaamsha ukoga, inamwita fundi, na inamfungulia samaki mlango. Sisi tunamwaga sumu wiki ileile anapoingia.

Naiita sumu kwa sababu ndivyo sheria inavyoiita. Chochote kinachouzwa kwa kuua ukoga ni kiuatilifu, na kwa kukitumia kwa malipo Washington unahitaji leseni ya idara ya kilimo ya jimbo, ambayo ina kundi maalumu la kuua ukoga kwenye majengo na nyasi za nyumbani. Kwenye masomo yake unafundishwa kwamba lebo ni sheria. Chukua mfuko wowote wa poda ya zinki usome maandishi madogo. Yanasema ina sumu kwa samaki.

## Longfellow

Novemba nilikwenda West Seattle kukiona kijito cha Longfellow. Ni kijito kifupi, kimebanwa na nyumba na barabara, na mwisho wake kinapita ndani ya bomba refu kabla ya kumwagika kwenye mto Duwamish. Kupitia giza la bomba hilo samaki hupanda.

Niliona coho jike. Alikuwa mkubwa, mwekundu ubavuni, karibu na ukingo, akizunguka mahali pamoja. Mdomo ulikuwa unafunguka na kufumba juu ya maji. Alijilaza ubavu, akajiinua, akajilaza tena. Mtu mmoja aliyekuwa pale na buti ndefu alinieleza kuwa huwa wanawapasua waliokufa kuona kama wametaga. Wengi hukutwa na mayai yote tumboni.

Amekwenda baharini, amekwepa sili na nyavu, amerudi mpaka mtaani kwake, amefia mlangoni na watoto wote tumboni.

Nilirudi kwenye gari nikiwa na hakika kuwa kazi hii nimeimaliza.

## Kumbe ni matairi

Usiku huo nikakaa kusoma, na nilichokisoma kilinivuruga zaidi.

Vifo vya coho kwenye vijito vya mjini vimechunguzwa kwa miaka mingi. Wanasayansi waliwahi kuwashuku wote tunaowashuku sisi: metali, mafuta ya magari, viuatilifu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 walitengeneza mchanganyiko wa metali na mafuta na kuwaweka coho ndani yake. Hawakufa. Wakawaweka kwenye maji halisi ya barabara kuu. Wakafa ndani ya saa chache. Desemba 2020 jibu likatangazwa katika jarida la *Science*: ni kemikali iitwayo 6PPD-kwinoni. Inatokana na 6PPD, dawa inayotiwa kwenye matairi ili yasipasuke. Tairi linasagika barabarani, vumbi linaoshwa na mvua, coho anakufa.

Yule jike niliyemwona hakuuawa na zinki ya mtu.

Nakiri nilipumua. Kwa siku kadhaa nilitembea nikiwa mwepesi. Tatizo ni matairi, na matairi si biashara yangu. Binamu nilipomsomea alipiga makofi.

Lakini kile kibati cha samaki hakikunitoka machoni, na nadhani najua sababu. Nilikuwa natafuta muuaji ili nijiondoe kwenye orodha. Mto hauna muuaji mmoja. Watafiti wa serikali walioko hapa Seattle wameonyesha kuwa shaba kidogo sana, mikrogramu 2 tu kwa lita, inatosha kumpunguzia coho mdogo uwezo wa kunusa, na asiponusa hatambui hatari ngozi ya jirani yake inapochanika. Hafi siku hiyo. Analiwa kesho. Jimbo la Washington liliona jambo hilo ni zito kiasi cha kutunga sheria mwaka 2010 ya kupunguza shaba kwenye pedi za breki, hadi isizidi asilimia 0.5 kuanzia mwaka 2025.

Vumbi la breki! Watengeneza breki wameambiwa wabadilishe bidhaa zao kwa ajili ya vumbi lisiloonekana kwa macho, na fundi wa mapaa anapigilia utepe wa shaba wa kuzuia ukoga kwenye kofia ya paa ili ukae miaka na miaka ukidondosha shaba kila mvua inaponyesha.

## Na mabati yetu je?

Kuna msomaji atakayeniuliza, kwa hiyo nimwahi. Mabati ya nyumbani yamepakwa zinki. Ndiyo maana hayashiki kutu haraka. Tumekunywa maji yake maisha yote na tuko hai.

Ni kweli. Zinki kwa binadamu si adui mkubwa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 5 kwa lita, na hata hiyo ni kwa ajili ya ladha zaidi kuliko afya. Kwa viumbe wa maji baridi kipimo cha shirika hilohilo ni kama miligramu 0.12 kwa lita, na maji yakiwa laini, yenye chokaa kidogo kama ya vijito vya huku, madhara huanza chini ya hapo. Samaki anapumua maji. Metali inamgusa kwenye matamvua kabla ya kufika popote pengine.

Kwa hiyo maji ambayo mama mdogo angeyanywa bila shida yanaweza kumuumiza samaki. Jambo hili limenitoa kwenye njia ya mkato niliyokuwa nayo kichwani, ile ya kusema "kama ningeyanywa, basi ni salama." Haitoshi.

## Hoja ya binamu

Binamu yangu si mtu wa kupuuza. Aliniambia, tukiwa juu ya paa, mkanda kiunoni: "Kaka, wewe unahesabu samaki, mimi nahesabu kodi ya nyumba. Tukikataa Oktoba, mteja anampigia mwingine, na huyo mwingine anamwaga mara mbili yake."

Akaongeza jingine ambalo bado linanikaa. Paa lililoachwa likaliwa na ukoga huvuja, likavuliwa lote, mzigo mzima wa lami ukaenda jalalani na mwingine ukatengenezwa kiwandani. Paa lililotunzwa hudumu. Je, dawa kidogo leo si bora kuliko paa zima kesho?

Sina jibu la kumfunga mdomo. Ana haki kuhusu paa. Ana haki pia kuhusu fundi wa mtaa wa pili.

Ninachomwambia ni kwamba kati ya kumwaga na kuacha kuna kazi nyingi. Ukoga mwingi hutoka kwa brashi laini ukiwa umekauka, ukisugua kutoka kofia kwenda chini na si kinyume, maana ukisugua kwenda juu unavunja midomo ya vigae. Ni kazi ya polepole, inaumiza mgongo. Tunaziba bomba la gata, tunaukusanya ukoga kwenye magunia badala ya kuuosha. Tunakata matawi yanayolifunika paa. Nyumba nyingi zinahitaji jua kuliko dawa.

## Tulipofika

Tumekubaliana mambo machache, nayo tumeyaandika.

Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Desemba hatumwagi kiuatilifu juu ya paa lolote. Tunapiga brashi, tunasafisha gata, tunaondoka. Poda ya zinki tumeiacha kabisa, na tepe za shaba hatupigilii. Mwisho wa machipuko, utabiri ukionyesha siku kavu mfululizo, tunapulizia sabuni ya chumvi za potasiamu mahali panapohitaji tu. Sabuni hiyo huoza upesi udongoni, ingawa nayo haitakiwi kuingia kijitoni.

Na kabla ya kutaja bei namuuliza mwenye nyumba: maji ya gata lako yanaishia wapi? Wengi hawajui. Basi tunamwaga ndoo ya maji safi kwenye gata na kuyafuata pamoja, yeye na mimi, mpaka tuone yanakotokea. Yakitokea kwenye ukingo wa barabara, namwonyesha namna ya kugeuza bomba yaende kwenye udongo wenye majani na mbolea ya mboji, mbali na msingi wa nyumba na mbali na mboga. Katika utafiti ule wa 2016, maji yaleyale ya barabara kuu yaliyoua coho yalipitishwa kwenye mchanga na mboji, kisha samaki wakawekwa ndani yake. Waliishi.

Kugeuza bomba. Ndicho alichokuwa akikifanya babu usiku wa mvua ya kwanza, na sasa nalipwa kwa kukifanya, pale mteja anapokubali.

Si wote wanaokubali. Mzee mmoja wa White Center alisikiliza yote, akasema atasubiri hadi Mei, kisha akanipa kahawa na kunisimulia alivyokuwa akivua coho na baba yake. Wengine wamenishukuru vizuri na hawakupiga tena. Novemba yetu imekuwa nyembamba kuliko ya mwaka jana, na binamu ana mtoto mchanga.

Bei ndiyo hatujakubaliana. Brashi huchukua siku nzima mahali poda ilipochukua saa moja, na mimi nataka tutoze siku nzima na tumweleze mteja kwa nini. Binamu anataka tukutane katikati mpaka tupate wateja wa kudumu. Tumepanga kulimaliza kabla ya machipuko, tukiwa na daftari la hesabu mezani na mke wake akiwepo, kwa sababu yeye ndiye anayejua nyumba yao inahitaji nini kwa mwezi.